Kupandisha kasi ya prosesa ya zamani bila kuiunguza: jibu kwa mhariri wa video wa Tanga

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa Tanga, nahariri video za harusi. Kompyuta yangu ya mezani ni ya zamani: prosesa ni Intel Core i5-2500K, mazabodi ni ya chipseti ya Z68, RAM GB 16. Video ndefu inanichukua hadi saa tatu kurenda (kutoa faili la mwisho). Rafiki yangu ananiambia nipandishe kasi hadi 4.8 GHz kwa volti 1.45, kwa kuwa Intel wenyewe wanaruhusu mpaka 1.52. Je, ni kweli? Na nifanyeje nisiiunguze, maana uwezo wa kununua nyingine kwa sasa sina."

Marahaba, kijana wangu. Nianze na hilo la rafiki yako, kwa sababu ukilitekeleza leo usiku mengine yote nitakayoandika hayatakusaidia: usiweke 1.45.

Hiyo 1.52 ipo kweli kwenye nyaraka za Intel za prosesa za kizazi hicho, ila watu wengi wameisoma vibaya. Prosesa huiomba mazabodi volteji kwa kutumia jedwali la namba, na jedwali hilo linaanzia volti 0.25 na kuishia 1.52. Hicho ni kipimo cha urefu wa jedwali tu. Kama 0.25 iliyo chini haikuhakikishii kwamba prosesa itaweza kufanya kazi, basi na 1.52 iliyo juu haikuhakikishii kwamba itapona. Volteji halisi ya prosesa yako ilipangwa kiwandani, chipu moja moja, na 2500K nyingi zikiwa na mzigo kamili husoma kati ya 1.15 na 1.25. Kutoka hapo hadi 1.45 ni safari ndefu.

Jibu langu kwa ufupi: lenga 4.2 GHz, au 4.3 ukijaliwa chipu nzuri, volteji isizidi 1.30, na joto lisipite nyuzi 75 mchana wa jua kali. Sasa nikueleze kwa nini nasimama hapo wakati wengine wanakimbilia 4.8.

Kasi peke yake haiunguzi prosesa. Ikipewa kasi isiyoimudu itakosea hesabu, kompyuta itaganda au itajiwasha upya, nawe utarudisha namba za awali na kuendelea na kazi. Kinachoila prosesa ni volteji na joto vikishikana mikono. Nyaya zilizo ndani ya chipu ya nanomita 32 ni nyembamba mno, na mkondo mkubwa wa umeme huzisukuma atomi za metali kidogo kidogo kutoka mahali pake, mpaka waya unakonda sehemu moja. Mwishoni mwa miaka ya 1960, James Black wa kampuni ya Motorola aliliweka jambo hili kwenye mlinganyo ambao wahandisi wanautumia hadi leo: maisha ya waya hupungua kadiri mkondo unavyobana, na hupungua kwa kasi zaidi joto likipanda. Dalili yake haiji kwa moshi. Inakuja miezi au miaka baadaye, pale prosesa iliyokuwa tulivu kwenye 4.5 inapoanza kudai volteji zaidi ili ibaki palepale.

Dhidi ya joto, 2500K ina ulinzi wake. Ikifika nyuzi 98 inajipunguza kasi yenyewe, na joto likizidi kupanda inaizima kompyuta. Dhidi ya volteji hakuna mlinzi wa namna hiyo. Ukiipa 1.45 inaipokea.

Tupige hesabu basi. Joto analotoa prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volteji hupanda kwa kipeo cha pili. Kiwandani prosesa yako imeandikwa 3.3 GHz, na 3.7 ni kasi ya turbo kiini kimoja kikiwa kazini. Viini vyote vinne vikifanya kazi pamoja, kama wakati wa kurenda, inakwenda 3.4. Tuchukue kwamba hapo inatumia volti 1.20. Ukipanda hadi 4.2 kwa volti 1.25, kasi imeongezeka kwa takriban asilimia 24 na joto kwa asilimia 34. Hayo ni mabadilishano ya haki. Sasa toka 4.2 uende 4.7 kwa volti 1.40: kasi inaongezeka asilimia 12 tu, joto linaongezeka asilimia 40 juu ya lile lililokwisha kuongezeka. Kwa kazi yako, renda ya dakika 180 itashuka, mambo yakienda vizuri kabisa, hadi kama dakika 146 kwenye 4.2. Kwenda mpaka 4.7 kutakuokolea dakika nyingine 15 au 16. Kwa dakika hizo utakuwa umetoa karibu mara mbili ya joto la kiwandani.

Na joto hilo unalitoa Tanga. Hili ndilo jambo ambalo maelezo mengi ya mtandaoni hayakuambii. Hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa kuipoza, haiwezi kuipoza chini ya joto la chumba. Inachofanya ni kuamua prosesa itakuwa juu ya joto la chumba kwa nyuzi ngapi. Anayepima Ulaya ndani ya chumba cha nyuzi 21 na kupata 77, hitisinki yake imebakiza tofauti ya nyuzi 56. Hitisinki ileile, prosesa ileile, namba zilezile za BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows), ukiziweka kwenye chumba chako cha nyuzi 32 mwezi wa Februari, zinakupa 88. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba fulani anaendesha 4.7 "bila shida", uliza kwanza chumba chake kina joto gani.

Kabla hujaingia BIOS, fungua kasha. Hapa ndipo ninapotaka utumie muda mwingi, kwa sababu mashine hii ni ya mwaka 2011 na prosesa mara nyingi ndiyo kifaa kizima kuliko vyote vilivyoizunguka. Toa vumbi lote, hasa lile lililogandamana kati ya mapezi ya hitisinki na feni. Ukitumia blowa, shikilia feni kwa kidole isizunguke. Ng'oa hitisinki, futa pesti ya zamani ya kupitishia joto kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi, kisha weka pesti mpya, tone dogo katikati. Pesti iliyokaa miaka mingi hukauka ikapasuka, na nimeona mashine zikishuka nyuzi 10 na zaidi kwa kazi hiyo peke yake.

Kama bado una ile hitisinki fupi ya aluminiamu iliyokuja na boksi la Intel, usipandishe kasi kabisa. Tafuta hitisinki ya mnara yenye mirija ya shaba na feni ya milimita 120, iliyoandikwa LGA 1155 (soketi ya prosesa yako) au 1156, kwani matundu yake ni yaleyale. Hata iliyotumika inafaa, mradi feni iwe nzima na vibano vyake viwe kamili.

Wakati kasha liko wazi, tazama mazabodi kando ya prosesa, upande zilipo kapasita. Iliyovimba kichwani au iliyovuja mahali, acha habari ya kupandisha kasi mpaka fundi aibadilishe. Tazama pia kama vipande vinavyosambaza umeme wa prosesa vimefunikwa na hitisinki ndogo. Bodi za Z68 nyingi wanazo, na kama yako haina, ishia 4.0. Huko pwani hewa ina chumvi, kwa hiyo chomoa RAM, safisha meno yake kwa raba ya penseli taratibu, futa unga wake, rudisha.

Halafu kuna pawa saplai. Watu huisahau, na ndiyo inayoweza kuondoka na mazabodi na prosesa kwa pamoja. Usiiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni; soma kibandiko uone laini ya volti 12 inatoa ampea ngapi. Waya wa umeme wa prosesa uwe wa pini nane, si nne. Kiwango cha ATX, kinachofuatwa na pawa saplai za kompyuta za mezani, kinaruhusu laini hiyo ipande au ishuke kwa asilimia 5, yaani kati ya 11.4 na 12.6. Ipime kwa multimita kwenye plagi ya moleksi huku kompyuta ikirenda. Ikishuka chini ya 11.6 kwa mzigo wa kawaida, imeshachoka, na fedha uliyotaka kununulia hitisinki kubwa iende huko kwanza. Umeme wa nyumbani ukiwa unapanda na kushuka, UPS haikwepeki.

Jambo la mwisho kabla ya kugusa namba: nakili kazi zote za wateja kwenye diski ya nje, na diski hiyo uichomoe. Prosesa inayokosea hesabu haiishii kuganda. Inaweza kuandika faili bovu kimyakimya, na harusi ya watu hairudiwi ili wewe upige upya.

Sasa BIOS. Piga picha kwa simu kurasa zote kama zilivyo. Fahamu pia pini za kufuta kumbukumbu ya BIOS ziko wapi kwenye bodi yako. Kompyuta ikikataa kuwaka, utachomoa waya wa ukutani, utaziunganisha pini hizo kwa sekunde kadhaa, au utatoa betri ya CR2032 kwa muda, na kila kitu kitarudi kama kilivyotoka kiwandani.

Kuna namba kuu mbili utakazogusa. Ya kwanza ni kizidishi, palipoandikwa CPU Ratio au Turbo Ratio. Prosesa hii huchukua saa ya msingi ya MHz 100 na kuizidisha: 34 ni 3.4 GHz, 42 ni 4.2. Herufi K mwishoni mwa jina lake maana yake kizidishi kimeachwa wazi. Saa ya msingi yenyewe, BCLK, iache kwenye 100. Kwenye kizazi hiki saa hiyo ndiyo inayoendesha pia SATA (njia ya diski), USB na nafasi ya kadi ya grafiki, na kuisukuma kidogo tu kunaweza kuharibu data za diski. Maelezo ya kale yanayokuambia uanze na saa ya msingi yaliandikwa kwa ajili ya mashine za enzi ya Core 2 Duo, hayakuhusu.

Namba ya pili ni volteji ya prosesa, Vcore au CPU Voltage. Iondoe kwenye Auto. Nalirudia hili kwa sababu ndipo prosesa nyingi zinapoumia bila mwenyewe kujua: ukipandisha kizidishi ukaiacha Auto, mazabodi nyingi huongeza volteji kwa ukarimu uliopitiliza ili kompyuta iwake kwa vyovyote vile, na unaweza kukuta 1.40 kwenye kasi ambayo 1.25 ingetosha. Vile vitufe vya kupandisha kasi kwa mguso mmoja vina tabia hiyohiyo. Weka namba kwa mkono.

Kwanza pima mahali pa kuanzia. Ikiwa kwenye namba za kiwandani, endesha Prime95 (programu ya kuibana prosesa kwa hesabu nzito) na utazame CPU-Z (programu inayoonyesha kasi na volteji) inasoma volteji gani chini ya mzigo. Tuseme 1.20. Weka hiyo kwa mkono, kizidishi 40, rudi kwenye Windows, endesha Prime95 kwa dakika 20 hivi huku HWiNFO ikikuonyesha joto la kila kiini. Imepita? Nenda 41, kisha 42. Itakaposhindwa, ongeza volti 0.01 au 0.02, jaribu tena. Ukifika 1.30 nayo bado inashindwa, rudisha kizidishi nyuma hatua moja na ukubali kwamba hapo ndipo mwisho wa chipu yako. Chipu mbili zenye jina moja hazilingani uwezo.

Kwenye BIOS utakuta pia Load-Line Calibration. Prosesa ikipata mzigo, volteji huzama kidogo, na kipengele hiki huizuia isizame. Weka kiwango cha kati. Cha juu kabisa hufanya volteji iruke juu kwa kitambo kidogo mzigo unapoachiliwa, mruko ambao CPU-Z haiuoni. C1E na EIST ziache zimewashwa, prosesa ipunguze kasi wakati haina kazi. RAM usiiguse, DDR3 yako ibaki kwenye volti 1.5 na kasi iliyozoea. Mambo ya PLL Overvoltage ni ya wanaotafuta vizidishi vikubwa sana, wewe yaache.

Nimeitaja Prime95, na inafaa ujue kwa nini tunaiamini. Ilitengenezwa kutafuta namba tasa kubwa za Mersenne, na kwa kuwa kosa moja huharibu hesabu ya wiki nzima, inajikagua yenyewe kila hatua. Kiini kikikosea utaona dirisha lake likisimama na maneno kama "FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4". Hilo si hitilafu ya programu. Prosesa imetoa jibu lisilo sahihi, hata kama Windows inaonekana tulivu kabisa na muziki unaendelea kucheza. Usiipuuze hata mara moja. Skrini ya bluu yenye 0x124 au 0x101, kwa mashine iliyopandishwa kasi, mara nyingi ni volteji haitoshi. Na kabla ya skrini ya bluu, huwa kuna onyo: fungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows), tafuta jina WHEA-Logger. Ukilikuta limejiandika wakati wa majaribio, prosesa inakosea na kujisahihisha, yaani iko ukingoni.

Matoleo ya Prime95 kuanzia 27 yanatumia maagizo ya AVX (ya kupiga hesabu nyingi kwa mpigo), ambayo kizazi chako ndicho cha kwanza kuwa nayo, na yanachemsha prosesa kuliko toleo la 26.6. Kwa mhariri wa video tumia yenye AVX, kwa sababu programu za kurenda nazo zinatumia AVX. Kisha fanya jaribio ambalo mimi naliheshimu kuliko yote: chukua mradi wa kweli, urende mwanzo hadi mwisho saa nane mchana, madirisha na feni za chumba zikiwa kama siku zote, kasha likiwa limefungwa. Jaribio la saa sita usiku kuna baridi halikuambii kitu. Rudia mradi uleule na utazame video yote, hasa sehemu zenye mwendo, kama kuna vipande vilivyochakaa.

Ikitulia kwa siku kadhaa za kazi, unaweza kubadili volteji kutoka namba maalumu kwenda hali ya Offset, ili nayo ishuke prosesa inapopumzika. Ipange isome chini ya mzigo volteji ileile uliyoithibitisha, kisha urudie majaribio, kwani mara nyingine kompyuta hutulia kwenye mzigo ikaja kuganda ikiwa haina kazi.

Nikuambie pia jambo ambalo hukuniuliza. Prosesa yako ina grafiki ya ndani yenye Quick Sync, sehemu maalumu ya kutengeneza video ya H.264, na chipseti ya Z68 inairuhusu itumike; wenye chipseti ya P67 hawana bahati hiyo. Iwashe kwenye BIOS hata kama una kadi ya grafiki, na kama draiva na programu yako ya kuhariri vinaikubali, inaweza kukupunguzia muda kuliko kupandisha kasi kokote, bila joto la ziada. Ubora wa picha kwenye faili ndogo hushuka kiasi, kwa hiyo ongeza bitireti (kiasi cha data kwa sekunde) na ulinganishe kwa macho. Njia nyingine ni i7-2600K au i7-2600 iliyotumika: inakaa kwenye soketi ileile na hushughulikia kazi nane kwa pamoja badala ya nne. Ukiipata kwa bei ya hitisinki na pawa saplai mpya, mimi ningechukua i7 na kuiacha kwenye kasi yake ya kiwandani.

Kwa wasomaji wengine wenye kompyuta za maofisini zilizotumika, zile OptiPlex na HP Compaq zenye i5-2400 au i5-3470: kizidishi chenu kimefungwa na chipseti hairuhusu. Safisheni, badilisheni pesti, wekeni SSD, na RAM iwe vipande viwili vinavyofanana.

Nikurudie wewe wa Tanga. Kila baada ya miezi michache toa vumbi, na angalia joto la renda kama bado liko pale ulipoliandika siku ya kwanza. Liandike kweli, kwenye daftari, pamoja na joto la chumba. Siku makosa yakianza kurudi, punguza kizidishi kwa moja na uiache volteji ilivyo. Kuongeza volteji kwa prosesa iliyoanza kuchoka ni kuharakisha kilekile kinachoichosha. Na kama umeshuka mpaka 34 bado inakosea, kasi haihusiki tena: endesha Memtest86+ usiku mzima kwa kipande kimoja cha RAM kwa wakati mmoja, kisha azima pawa saplai nyingine ujaribu nayo kabla hujailaumu prosesa.